Sofa ya Chanel, Uma wa Jadotville

Mama mkubwa alicheka mapema mno. Tulikuwa sebuleni kwake Kikula, kompyuta ikiwa juu ya stuli, nami nikimwonyesha kipindi cha Kimarekani nilichopewa katika flashi, chenye maandishi ya Kifaransa chini ya picha. Ndugu wawili wa Seattle, wote madaktari wa akili, wapenzi wa divai na opera, wamenunua mgahawa mkongwe na wanataka kuufungua upya kwa kishindo. Wameupa jina Les Frères Heureux. Watazamaji waliorekodiwa ndani ya kipindi walikuwa bado wametulia, wakisubiri kichekesho kinachokuja. Mama mkubwa akapiga paja lake akasema, “Hiyo ni nganda!”

Nilikuwa na maelezo tayari mdomoni. Nilitaka kumwambia kwamba Mmarekani akiona Kifaransa juu ya mlango wa mgahawa huona kwanza bei, kwamba lugha hiyo kule Seattle hutembea na glavu nyeupe, na kwamba hao ndugu wawili wanachekwa kwa sababu wameshindwa hata kuuita mgahawa wao kwa lugha ya mama yao. Nikayameza. Kwetu Likasi, Kongo, Kifaransa ni lugha ya karatasi ya kodi, ya askari wa barabarani, ya daftari la mtoto lililorudi na wino mwekundu. Ni lugha ya nganda pia, yenye viti vya plastiki, chupa za Simba na Tembo, na moshi wa michopo unaoingia kwa jirani bila hodi. “Ndugu Wenye Furaha”: jina kama hilo lingekaa vizuri sana kwenye ukuta wa bluu karibu na soko. Mama mkubwa hakukosea. Alikuwa amesoma neno lilivyoandikwa. Mimi ndiye niliyekuwa namsomea Wamarekani.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo nilidhani nimelimaliza zamani: kichekesho kinachotaja vitu vya anasa, vya watu waliosoma sana na kula vizuri, huwa kinamhitaji nani ili kifanye kazi?

Kipindi chenyewe kinaitwa Frasier. Kilirushwa kuanzia 1993 hadi 2004, misimu 11, na katika miaka hiyo kilikusanya tuzo 37 za Emmy. Msingi wake ni rahisi kama hadithi ya kijijini. Mtoto aliyesoma amejijengea makao yake juu ghorofani, kisha baba yake, polisi mstaafu aliyepigwa risasi ya nyonga, anahamia kwake na mbwa, fimbo na kiti. Katika kipindi cha kwanza kabisa mtoto anamtembeza baba ndani ya nyumba na kumtajia kila kitu kwa jina la aliyekibuni. Taa ina jina la mtu, kiti kina jina la mtu, na sofa, anasema kwa fahari, ni nakala halisi ya ile iliyokuwa katika karakana ya Coco Chanel mjini Paris. Baba anatazama huku na huku, kisha anasema jambo ambalo mzee yeyote wa Panda au Shituru hapa Likasi angelisema: hakuna kitu kinachofanana na kingine humu. Baadaye kiti chake mwenyewe kinawasili, kikuukuu, kimebandikwa ukanda wa gundi palipochanika, na kinawekwa katikati ya sebule. Kinakaa hapo miaka 11.

Angalia neno lile: nakala. Mwenye sofa hana sofa ya Chanel. Ana kitu kinachoielekezea kidole. Hata hivyo anaketi juu yake kwa raha kamili, maana kinachomstarehesha makalio ni manyoya ya mto, lakini kinachomstarehesha moyo ni jina. Kiti cha baba hakielekezi popote. Ukikikalia, umekalia kiti.

Wanafalsafa wamelishika jambo hili kwa mikono tofauti. Ted Cohen, Mmarekani, aliandika mwaka 1999 kitabu chembamba kuhusu vichekesho, akasema vingi vina masharti: msikilizaji lazima alete kitu kutoka kwake, maarifa au imani fulani, la sivyo hachekeshwi. Kwa hiyo wanaocheka pamoja huwa wamegundua, bila kuulizana, kwamba ni watu wa ua mmoja. Kabla yake Pierre Bourdieu, Mfaransa, katika kitabu chake cha 1979 juu ya ladha na matabaka, alionyesha kwamba mtu anapochagua muziki au chakula huwa anajipanga mwenyewe katika foleni ya jamii, akidhani anapanga vitu. Ukiwaunganisha wawili hao unapata picha inayokubalika kwa wengi: kichekesho chenye jina la mtunzi wa opera ndani yake ni mlango wenye bawabu. Wenye kadi wanaingia wakicheka, na wasio nayo wanabaki nje wakisikia kelele za wengine.

Picha hiyo inamkosa mama mkubwa. Hana kadi, na alicheka kwanza.

Mtu anaweza kunijibu kwamba alicheka kitu kingine, kwamba kichekesho chake hakikuwa kile cha waandishi. Sina hakika. Waandishi walitaka tuone watu wawili wakijitwika jina zito kuliko biashara yao. Yeye aliona hilo hilo, ila uzito wa jina aliupima kwenye mizani ya Kikula. Matokeo ya mizani mbili yalikuwa sawa: hawa wawili wataumbuka. Alichokosa ni ile heshima ambayo Mmarekani anakuwa nayo kwanza kwa Kifaransa kabla ya kuicheka. Alifika kwenye kicheko bila kupitia kwenye heshima, kama mtu aliyekata kona.

Ilipofika sehemu ya jikoni alinipita kabisa. Katika kipindi kile mambo yanaharibika usiku wa ufunguzi, wafanyakazi wanatoweka mmoja baada ya mwingine, na familia yote inalazimika kuvaa aproni. Daphne, msaidizi wa yule baba, anakabidhiwa mikunga hai ili aiue. Ndugu wawili wanapokezana kutoa amri zinazopingana kuhusu mchuzi. Mama mkubwa hakuwa akitazama nyuso za waigizaji hata kidogo. Alikuwa akitazama mikono, na akatoa hukumu: huyu hajawahi kushika kisu, yule amesimama vibaya, atajichoma. Akaniambia mchuzi wa namna ile haukorogwi na watu wawili. Nikamuuliza amejuaje. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa anajuaje njia ya kwenda kwao.

Baba yake, kambo yangu, alikuwa boyi wa jikoni. (Huku Katanga kambo ni babu au bibi, mzazi wa mzazi. Ndugu zetu wa pwani wanaosikia “wa kambo” na kufikiria mama mwingine wastahimili kidogo.) Alifanya kazi kwa mhandisi mmoja Mbelgiji katika miaka ya 1950, wakati mji huu ukiitwa Jadotville kwa jina la Jean Jadot, mhandisi na bwana mkubwa wa makampuni, kabla haujarudishiwa jina la Likasi mwaka 1966. Kambo alijua divai gani hupozwa na ipi huachwa ipumue. Alijua mpangilio wa uma kutoka nje kuelekea sahani. Alijua jibini inayonuka kwa sababu imeiva na inayonuka kwa sababu imeoza, na nadhani hapo ndipo elimu yote ya anasa inapoanzia. Hakuwahi kuketi kwenye meza ile hata mara moja.

Je, alikuwa na utamaduni ule au hakuwa nao? Swali linaonekana dogo. Bwana wake alijua ladha, na akijua pia majina, basi vizuri. Mtumishi alijua joto, muda, na gharama ya kuvunja glasi, ambayo ilikatwa kwenye mshahara. Tumezoea kuyaita maarifa ya kwanza utamaduni na ya pili kazi. Lakini kama kujua kitu ni kuweza kukifanya kiwepo, basi chakula cha jioni cha Jadotville kilijulikana jikoni kuliko sebuleni. Sebuleni kilitajwa tu.

Sisemi haya kwa kumpendelea babu yangu. Mwaka 1965 mtu mmoja aitwaye André Yav aliandika, kwa Kiswahili chetu cha Katanga, historia ya mji wa Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, kwa ajili ya watu waliokuwa watumishi wa nyumbani. Inaitwa Vocabulaire ya mji ule, ingawa si kamusi. Ni historia ya mji ilivyoonekana na watu waliopiga pasi nguo zake. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliichapisha tena mwaka 1990 pamoja na maelezo marefu, na wasomi wakastaajabu kwamba historia inaweza kutokea chini. Maboyi wenyewe, nadhani, wangestaajabia mshangao huo. Nani mwingine alikuwa ndani ya nyumba zile muda wote?

Sasa nifike kwenye kisa ambacho mama mkubwa hukisimulia kila tukiwa na wageni, na ambacho ndicho kilichonifanya niandike.

Mwaka 1948 serikali ya Kongo ya Wabelgiji ilianzisha kadi ya sifa za uraia, carte du mérite civique, kwa Waafrika waliohesabiwa kuwa wameendelea, wale walioitwa évolués. Mwaka 1952 ikaja amri ya pili, ya uandikishwaji, immatriculation, iliyotoa hadhi kubwa zaidi ya kisheria. Kuomba hakukuwa kujaza fomu tu. Waulizaji walifika mpaka nyumbani. Waliangalia namna mke anavyopika, watoto wanavyolala, choo kilivyo, na familia inakula kwa kutumia nini na juu ya nini. Patrice Lumumba mwenyewe aliomba akiwa Stanleyville, akakataliwa kwanza, akapata mwaka 1954 baada ya kukata rufaa. Hadi karibu na uhuru, nchi yenye mamilioni ya watu ilikuwa na wakuu wa familia mia mbili na ushee tu waliovuka mlango huo wa pili.

Basi jirani wa kambo, karani, mtu aliyesoma kwa mapadri na kuandika Kifaransa cha kupendeza, aliomba. Siku chache kabla ya wakaguzi kufika alikuja kwa kambo usiku. Karani aliyekuwa amesoma hadithi za Ulaya alikuja kwa boyi asiyejua kusoma kumuuliza uma mdogo unakaa upande gani. Kambo akatoa sanduku lake la vitu vilivyotupwa na madamu: uma ambazo hazikufanana, kisu kisicho na mpini, vijiko. Wakafanya mazoezi juu ya mkeka, watoto wakichungulia. Karani alikuwa anatoka jasho. Kila alipokosea kambo alimgonga kidogo kwenye kifundo cha mkono, kama yeye mwenyewe alivyogongwa.

Kama karani aliipata kadi, mama mkubwa hakumbuki. Anachokumbuka ni kwamba sanduku lilirudi likiwa na kijiko kimoja pungufu.

Linganisha jasho lile na uso wa yule baba wa Seattle anapotembezwa kati ya taa na viti vyenye majina. Hajui lolote, na hajali, na mwenye aibu pale ni mtoto. Baba analala salama. Pensheni yake haitegemei jina la Chanel, na hakuna mkaguzi atakayekuja kesho kuandika kwenye daftari kwamba mzee huyu anakula akitazama televisheni. Kutojua kwake ni mali yake binafsi, kama kiti chake. Kipindi kizima kimejengwa juu ya mali hiyo: utani wa divai na opera unafurahisha kwa sababu mtu anayeushindwa hapotezi chochote. Frasier mwenyewe akikosea jina la divai, adhabu yake ni kuona haya mbele ya ndugu yake mdogo Niles, yule anayepangusa kiti cha mkahawa kwa leso kabla ya kukikalia.

Hapo ndipo ninapoona anasa yenyewe ilipo. Divai na sofa ni vitu vya kununuliwa, na mwenye bahati huvipata. Kisichonunuliwa ni ruhusa ya kutojua bila kuadhibiwa. Jadotville, ruhusa hiyo ilikuwa ya upande mmoja wa mji. Mhandisi aliyeishi hapa miaka 20 bila kujifunza jina la jirani yake, wala jina la mboga iliyoota nje ya ua wake, hakuonekana amepungukiwa kitu. Karani aliyejua lugha nne aliweza kukwama kwa uma mmoja. Kutojua kwa mmoja kuliitwa shughuli nyingi, na kwa mwingine kukaitwa ushenzi.

Ndiyo maana kicheko cha Katanga juu ya mambo ya kizungu kina ladha ambayo sijaikuta kwenye vipindi vya Kimarekani. Watu wa umri wangu walikua na Mufwankolo, kundi la maigizo. Odilon Kyembe Kaswili na kundi lake walikuwa redioni, kisha kwenye televisheni, kwa Kiswahili cha Lubumbashi, na michezo yao haikuandikwa. Walikubaliana mwendo wa hadithi, kila mtu akajua anatoka wapi na anafika wapi, maneno wakayapata wakiwa ndani ya mchezo. Mwaka 1986 walitengeneza igizo Le pouvoir se mange entier, madaraka huliwa mazima, kutokana na msemo ambao Fabian aliwauliza maana yake, naye akaandika kitabu kizima juu ya mazoezi yao. Watu wanalikumbuka kwa siasa, na wana haki, kwa kuwa kutamka neno “madaraka” mbele ya kamera chini ya Mobutu kulihitaji kifua. Mimi nakumbuka zaidi mambo madogo ya michezo yao ya kila wiki: jinsi sentensi ya Kiswahili inavyotembea vizuri, mara inapandishwa neno la Kifaransa mgongoni, na mwendo unabadilika. Ulijua mtu anaanza kudanganya, au kuogopa, au kutaka kitu, kwa neno hilo moja. Mtazamaji hakuhitaji kujua Kifaransa. Alihitaji kumjua mtu anayekitumia saa hiyo. Neno la juu lilikuwa kama viatu vipya: unavitambua kwa mwendo wa mvaaji kabla hujaviona.

Wageni wanaoandika juu ya Kongo na anasa hukimbilia Sape, ule ushabiki wa mavazi ya kifahari, na mwimbaji Papa Wemba na suti za Kijapani. Ni habari nzuri, imeshaandikwa mpaka imechakaa, na ni ya Kinshasa na Brazzaville kuliko ya mji wa migodi ambao watu wake waliamka kwa king’ora cha kiwanda. Naipita.

Ningependa kubaki na karani na jasho lake, lakini kuna mtu wa mji huu huu ananizuia. Valentin-Yves Mudimbe alizaliwa Likasi mwezi Desemba 1941. Alilelewa na Wabenedikto, akasoma Kilatini na Kigiriki, akapata udaktari Louvain, akafundisha Lubumbashi, kisha akaondoka Zaire na kwenda Marekani, ambako alifariki mwezi Aprili 2025. Wakati wa siasa za uhalisi, Mobutu alipoondoa tai shingoni na majina ya watakatifu vitambulishoni, herufi V.Y. zilibaki vile vile ila zikasomwa Vumbi Yoka. Mtu huyo mmoja alikuwa na herufi mbili zinazoelekeza kwenye maktaba mbili tofauti, na hakuhitaji kuchapisha upya karatasi zake. Nampenda kwa hilo hata kabla ya vitabu.

Katika The Invention of Africa, cha mwaka 1988, alieleza ile aliyoiita maktaba ya kikoloni: rundo la maandishi ya wasafiri, wamisionari na wanaanthropolojia ambalo liliiumba Afrika kuwa kitu cha kujulikana, kiasi kwamba hata Mwafrika anayetaka kujieleza anajikuta akichukua rafu zake kutoka humo. Kwa mtu huyo sifa zangu kwa ruhusa ya kutojua zingekuwa mchezo wa kitoto. Hakuwa nayo ruhusa hiyo, na hakuiomba. Alijua Kigiriki kupita waliowafundisha wenzake kutumia uma. Alichukua vyombo vya mezani vyote, vikubwa kwa vidogo, akavitumia kuipasua meza.

Na kweli kuna hatari katika ninachosema. Ni rahisi kumwambia mtoto wa Kikula kwamba opera si yake na asihangaike, acheke tu na aende zake. Hilo lilisemwa zamani, na si na rafiki zetu. Baba wa Seattle anaweza kupuuza opera kwa sababu mtoto wake ameshaipata. Kutojua kwa anayeweza kujua akitaka, na kutojua kwa aliyefungiwa mlango, havilingani, hata kama nyuso zao zinafanana mbele ya taa ile yenye jina la mtu. Kwa hiyo nirekebishe: ninachokiita anasa ni kuwa na njia zote mbili wazi, kuingia na kupita tu. Mudimbe alilazimishwa kuingia akaifanya nyumba yake. Karani alitaka kuingia akapimwa kwa kijiko. Kambo alikuwa ndani muda wote na hakuhesabiwa.

Nikiwa na hasira kidogo hujiliwaza kwa kugeuza darubini. Huko Kamina, kusini mwa nchi, padri Mbelgiji Guido Haazen aliunda kwaya ya vijana, Les Troubadours du Roi Baudouin, waliorekodi Missa Luba mwaka 1958: misa ya Kilatini kwa sauti na ngoma za Waluba. Miaka kumi baadaye filamu ya Kiingereza If...., iliyoshinda tuzo kuu huko Cannes mwaka 1969, ilimwonyesha mvulana wa shule ya bweni ya kitajiri akicheza santuri ya Sanctus ya misa ile chumbani mwake, tena na tena, kama dalili kwamba ana ladha isiyo ya wenzake. Basi watoto wa Katanga nao wakawa kitu cha kutajwa, jina la kuwekwa sebuleni. Sijui kama kuna aliyewahi kuwaeleza.

Halafu kuna okidi. Wapenda anasa wa televisheni huzilea nyuma ya kioo, wakizipulizia maji kama wagonjwa. Huku kwetu mizizi ya okidi za mwituni huchimbwa, hukaushwa, husagwa na kupikwa pamoja na karanga mpaka inakuwa chikanda, na mama mmoja anakukatia kipande barabarani, unakula ukitembea. Uyoga wa manjano ambao mpishi wa Paris angeuandika kwenye ubao kwa chaki na bei ya kutisha huuzwa kwa ndoo kando ya barabara ya Lubumbashi mvua zinapoanza. Hata tarumbeta za opera ni shaba na zinki zilizoyeyushwa pamoja, na shaba ni kitu ambacho Shituru imekitoa kwa muda mrefu kuliko umri wangu. Mara ya kwanza nilipoliona hilo nilijisikia nimegundua siri kubwa. Sasa naliona ni jambo la kawaida tu: vitu havina juu wala chini vikiwa mahali pake. Vinapandishwa na umbali, pamoja na mtu mwingine anayefanya kazi ya kuvibeba.

Hata majumba ya anasa hubadili kazi. Lubumbashi lipo jengo lililojengwa katika miaka ya 1950 kuwa ukumbi wa tamthilia wa mji wa Wazungu. Leo linaitwa Bâtiment du 30 Juin na ndimo wanamokaa wabunge wa mkoa. Nimewahi kukaa kwenye kiti cha nyuma mle ndani nikisikiliza mjadala wa saa tatu. Wasanifu walilipa ukumbi sauti nzuri: kila neno la Kifaransa lilinifikia likiwa zima, likiwa limevaa viatu vipya.

Umeme ulikatika kabla ya kipindi chetu kwisha, na betri ya kompyuta ikafuata. Tulimalizia kesho yake jioni. Mgahawa wa Les Frères Heureux unaishia vibaya: gari linapita ukutani na kuingia mpaka kwenye ukumbi, katikati ya meza zenye vitambaa vyeupe, na wageni waliovaa vizuri wanakimbia huku na huku. Watazamaji waliorekodiwa walicheka sana. Mimi pia nilicheka. Mama mkubwa alikuwa amekunja mikono, akitazama nyuma ya waigizaji, kule kwenye meza ambazo hazikuguswa na gari.

“Na sahani zote hizi,” akaniuliza, “nani ataosha?”